Barabara ya Mita Sita na Kaburi la Kulwa

Jumatatu, 2 Machi 2026

Nimeonewa! Naandika kwa hasira, na si hasira za uzee. Nina miaka hamsini na miwili tu.

Mkutano wa kitongoji ulianza saa nne, ukaisha saa nane. Hellen, binti wa mipango miji kutoka wilayani, kabandika ramani ukutani. Ramani nzuri, ina rangi. Mstari wa njano unatoka kwenye lami ya Musoma, unapanda mlima wetu hapa Kisesa, unaishia kwenye kiwanja cha juu kilichotengwa kwa zahanati. Barabara ya mita sita. Bomba la maji litalala pembeni yake. Bila barabara hakuna bomba, bila bomba hakuna zahanati, ndivyo alivyosema. Ramani anaikabidhi Ijumaa ya tarehe kumi na tatu, kesho yake greda linaanza, siku mbili njia iko wazi. Kila mwenye nyumba atoe mita zake bure. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, maana ni mjumbe wa kamati ya urasimishaji wa makazi, mpaka nilipoona mstari wa njano umelala juu ya chumba changu namba tatu na namba nne.

Vyumba vya kupangisha! Vimepigwa rangi Desemba!

Nikanyoosha mkono. Nikauliza kwa nini barabara isipite kwingine. Hellen akajibu kwa adabu kwamba kwingine hakuna, nyumba zimebanana toka chini hadi juu, hakuna aliyeacha hata njia ya mbuzi. Akauliza, huyo aliyewauzia watu viwanja hivi, aliwauziaje bila njia? Watu mia na kitu wakanigeukia.

Sawa, niliuza mimi. Lilikuwa shamba la pamba la marehemu baba. Nani alijua Kisesa itajaa namna hii? Tulipima kwa hatua za miguu, kila mteja akaomba aongezewe mbili tatu, nami nikamwongezea. Huo ni ukarimu. Leo umekuwa kosa.

Kilichonikera zaidi ni Ojwang. Huyu ni jirani yangu wa upande wa chini, mtu wa Rorya, alikuwa akifunga kamba kwenye kivuko cha Busisi mpaka daraja jipya lilipoua kivuko na kumrudisha nyumbani. Kasimama mbele za watu kasema uzio wake ulikuwa umeingia mita mbili kwenye mstari, na jana ameshaubomoa mwenyewe. Makofi tena. Mzee Shimba, mwenyekiti wa kamati, akaenda kumpa mkono. Nilisonya, nadhani nilisikika hadi nje.

Nyumbani nikamkuta mama kwenye kiti chake, miguu imevimba. Mama ana ugonjwa wa moyo. Kila Alhamisi wanaume wanne humbeba kwenye kiti cha plastiki kwenye vichochoro hadi lami, apande bajaji aende kliniki. Daktari alishatuambia: kifua kikijaa maji, afike hospitali ndani ya saa moja, vinginevyo tusimlaumu mtu. Getruda, mke wangu, alikuwa keshampasha habari za mkutano. Mama akanishika mkono. Akasema kumbe sasa gari litafika mlangoni. Akasema Mungu anikumbuke kwa kukaa kwenye hiyo kamati.

Nikaitikia amina. Nilikuwa nawaza vyumba.

Jumatano, 4 Machi

Mpango wa kwanza.

Jana walipita na rangi, wakachora X nyekundu kwenye ukuta wa namba tatu na wa namba nne. Leo alfajiri nimezipaka chokaa. Kisha nikachukua kopo la rangi, nikaenda kuchora X mbili safi kwenye choo cha Ojwang. Nzuri kuliko zao. Zao zilipinda.

Saa tatu kaja Hellen na kidude chake kinachoongea na satelaiti. Hakutazama X hata moja! Katazama kidude, kapiga hatua, kasimama katikati ya uwanja wangu, kasema mstari ni hapa. Wakati huo Ojwang akatoka chooni, akawa anaushangaa ukuta wake. Hellen akanitazama mikono. Ilikuwa nyekundu hadi viwikoni.

Nikasema nilikuwa nachinja kuku. Getruda, yuko mlangoni, akauliza kuku yupi. Tumeoana miaka ishirini na saba, mwanamke huyu hajawahi kuelewa kukonyezwa hata mara moja.

Lakini siku haikwenda bure. Nikamuuliza Hellen kwa upole, kama mtu anayetafuta elimu, ni vitu gani hukwepwa na barabara. Akasema viwili: mwamba mkubwa, na kaburi. Mwamba ni gharama kuupasua. Kaburi lina taratibu zake, ndugu waridhie, kibali kitoke, wahamishe kwa heshima, mambo ya miezi mingi. Nikamshukuru. Nikamnunulia soda.

Mwamba siwezi kuutengeneza.

Ijumaa, 6 Machi

Nina kaburi.

Shida ilikuwa la nani. Baba yuko Magu kwa ukoo wake, umati ulimzika. Babu naye hivyo hivyo. Nikamkumbuka Kulwa, pacha wangu! Mimi ni Doto. Kulwa alinitangulia kuzaliwa na akanitangulia kufa, tukiwa na wiki tatu. Baba na wazee wawili walimchukua asubuhi, wakarudi mchana, hawakumwambia mtu walikomweka. Hata mama hakuambiwa. Na wote watatu wamekufa. Hakuna shahidi! Ndugu yangu huyu hajanisaidia kitu tangu tuzaliwe, nikaona zamu yake imefika.

Jana Getruda alimpeleka mama kliniki, uwanja ukabaki wangu. Mfuko mmoja wa saruji, tofali kumi na nane, pembeni mwa namba nne, katikati kabisa ya mstari wa njano. Nilianza na urefu wa mtu mzima. Nikakumbuka ni kichanga, nikafupisha. Juu yake msalaba wa saruji. KULWA LUHAGA 1974. Nikapaka masizi ya sufuria na mavi ya ng'ombe ili lizeeke. Kufika saa nane mchana lilikuwa na miaka hamsini.

Tatizo ni jogoo wa Ojwang. Tangu uzio ubomolewe anatembea kwangu kama diwani. Kapita juu ya saruji mbichi, toka kichwani hadi miguuni. Nikasawazisha. Karudi, kapita tena, safari hii kwa kukatiza. Ningefanya nini tena? Nimeongeza masizi.

Jumamosi, 7 Machi

Mama kaliona.

Jana alikuwa hoi kwa safari ya kliniki. Leo akaomba kiti kitolewe nje aote jua. Nilikuwa nimejiandaa kwa Hellen, kwa Mzee Shimba, hata kwa Ojwang. Kwa mama sikujiandaa.

Akauliza, kile ni nini. Nikamwambia. Nikasema baba alinionyesha mahali kabla hajafa, akaniapisha ninyamaze, na sasa watu wa barabara wanakuja nimeona nimjengee ndugu yangu wasije wakamkanyaga. Maneno yalitoka vizuri mno. Nilijishangaa mwenyewe.

Mama hakulia. Pacha haliliwi. Ndivyo walivyomfundisha, ukimlilia aliyekwenda unamwita na aliyebaki. Miaka yote hii hakumlilia Kulwa kwa ajili yangu mimi. Aliomba asogezwe, tukamsogeza. Akanitazama kidogo, akalitazama kaburi, kisha akaweka kiganja juu ya saruji, akakiacha hapo. Akasema kumbe alikuwa karibu hivi. Akasema alikuwa akipalilia pamba hapa kila mwaka, pengine alimpitia na jembe, basi asamehewe.

Aliziomba msamaha tofali zangu!

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa kwenye ndoo. Moyo uliniuma, naandika ukweli, shajara haidanganywi. Niliwaza niende nikamwambie. Nikawaza hivyo kwa muda wa kutosha kabisa. Kisha nikawaza kwamba shahidi bora kuliko mama hayupo Kisesa nzima.

Jumanne, 10 Machi

USHINDI! Lakini ilikuwa kidogo nife.

Kamati yote imekuja. Hellen kafika kwenye kaburi, kapiga picha. Ojwang kasema amekaa hapa miaka kumi na minne na hajawahi kuliona. Nikamjibu kwamba misiba ya ukoo wa watu haimhusu. Akasema jogoo wake, inavyoonekana, amelijua kabla yake. Watu wakacheka. Nyayo! Bado zinaonekana, shetani mkubwa yule!

Mzee Shimba hakucheka. Aliinama, akakwaruza saruji kwa fimbo, akanusa ncha. Akaniuliza taratibu, waliomzika Kulwa walikuwa watu wa kanisa au watu wa mila? Nikasema wa mila, mzee, baba yangu alibatizwa uzeeni. Nilidhani naongeza uzito. Akasema basi hapa pana jambo. Mabasa, yaani mapacha, kwa wazee wale hawakuzikwa mlimani penye ukavu. Mtoto aliwekwa kwenye chungu, akapelekwa bondeni penye unyevu, karibu na maji, ili mvua isikasirike. Na hakuwekewa jina wala msalaba. Akasema kila Msukuma wa rika lake analijua hilo. Pacha mwenyewe asilijue?

Sikulijua! Nani angeniambia? Nilikuwa na wiki tatu!

Jasho likanitoka hadi kwenye nyusi. Wajumbe wakaanza kunong'ona, Ojwang kafunga mikono kifuani kama anayesubiri ugali. Hapo ndipo mama aliposema, palepale kwenye kiti chake. Akasema, Shimba, mimi ndiye niliyemzaa. Akasema mume wangu hakuwa mtu wa kufuata kila neno la wazee, huenda alitaka mtoto alale shambani kwake. Akasema miaka hamsini nilikosa pa kuweka mkono, leo ninapo, na mwanangu huyu si mwongo.

Mzee Shimba akavua kofia. Akasema basi, mayu, yaani mama, yameisha. Akanitazama muda mrefu. Kisha akamwambia Hellen aandike kaburi.

Upande wa pili wa namba nne ni mwamba, katikati pana kichochoro tu, kwa hiyo hakuna pa kukwepea. Hellen akaeleza kwamba barabara isiyofika kwenye huduma haina fungu. Mstari wote wa njano unafutwa, toka lami hadi juu. Greda litakwenda kitongoji jirani na zahanati itakwenda hukohuko, wao waliacha njia. Kaya themanini, alisema, na watoto wote hawa. Alikuwa anaikunja ramani, macho mekundu. Vijana wa siku hizi hawana ustahimilivu wa kazi.

Mama alipoingizwa ndani aliniuliza kama gari bado litafika mlangoni. Nikasema tutaona. Akasema haya.

Jumamosi, 14 Machi

Greda limepita leo saa mbili. Tulilisikia likinguruma kwenye lami, likatupita, likaenda kwa jirani. Wanawake waliokuwa wakipanda na ndoo za maji walisimama kusikiliza mpaka likanyamaza.

Watu hawanisalimu. Nasema hamjambo, wanatazama miguu yao. Ubaya wa kuwa na akili mbele ya kundi! Getruda naye anaongea na masufuria tu. Jana nilimuuliza kama kuna mboga, akaijibu sufuria kwamba ipo.

Mimi siketi kungoja watu wanipende. Kama hakuna barabara, basi uwanja uko huru. Nimeanza chumba namba tano! Kitakaa pembeni mwa kaburi, kaburi litakuwa kama bustani yake. Tofali mia nne zimefika jana, zimebebwa kichwani toka lami, wabebaji wamelalamika njia ni mbaya. Nimewaambia wailaumu serikali. Pa kuzipanga hapakuwepo, nimezipanga kwenye kichochoro kati ya namba nne na mwamba. Mtu anapita akijibana. Mtu mnene arudi alikotoka.

Mama anashinda nje kando ya kaburi, kutwa. Hata leo mvua ilipoanza alikataa kuingia. Getruda kambembeleza, mimi nikambembeleza, akasema mtoto amekaa peke yake muda mrefu, mvua kidogo si kitu. Ojwang kaja na mwavuli, ule mkubwa wa kivukoni, kamshikia mama kichwani saa nzima, yeye mwenyewe kalowa chapachapa. Hakunisemesha. Anatafuta sifa tu huyu.

Mama amekohoa jioni. Kidogo.

Jumanne, 17 Machi

Mama amefariki.

Ilianza saa sita mchana. Pumzi zikawa fupi, mdomoni povu. Getruda akapiga simu, bajaji ikafika kwenye lami upesi, dereva akawa anauliza apite wapi. Hakuna pa kupita. Wanaume wanne wakaja, Ojwang akiwa wa kwanza, tukambeba kwenye kiti chake.

Kwenye kichochoro kiti kiligoma. Tofali. Tukajaribu kukiinamisha, mama akawa anateleza. Nikasema ngojeni. Nikaanza kuondoa tofali, nikizipanga upande wa pili moja moja zisivunjike. Sijui kwa nini nilizipanga. Ningezitupa. Mikono ilizipanga yenyewe. Ojwang akanipigia kelele kwa Kijaluo, akamtoa mama kitini, akamweka mgongoni, akapita ubavu ubavu, uso umesuguana na mwamba mpaka damu. Wengine wakafuata na kiti kitupu.

Walifika lami. Waliingia hospitali saa nane kasoro robo. Daktari akasema mngewahi kidogo.

Siwezi kuandika zaidi leo.

Ijumaa, 20 Machi

Tumezika.

Mama alimwachia Getruda maneno kwamba alazwe pembeni mwa Kulwa, si Magu. Wakubwa wa ukoo walinung'unika, kisha wakakubali. Kwa hiyo kaburi limechimbwa kwenye msingi wa namba tano. Sisemi kitu. Ni mama yangu.

Jeneza halikupita kichochoroni likiwa limelala. Tofali nilikuwa nimeshaziondoa zote, halikupita vilevile, kona ya mwamba ni kali. Walilisimamisha wima. Mama yangu alipita pale amesimama, yeye aliyekuwa hajasimama tangu Krismasi, watu wanane wakiwa wamemshika, na padri nyuma akisema taratibu, taratibu. Nililia hadi nikakaa chini. Wanawake wa juu, wale wasionisalimu, walikuja kunishika mabega.

Kuna jambo lingine. Sina wa kumwambia.

Asubuhi, kabla jeneza halijafika, Ojwang na wenzake wawili walikuwa wakichimba. Mimi nilisimama karibu, kama mfiwa. Udongo ulikuwa umelowa mvua. Walipofika kifuani, ukuta wa upande wa Kulwa ukamomonyoka, wote, ukaporomoka hadi chini ya tofali zangu. Msalaba ukainama. Pale chini palionekana wazi kabisa: safu moja ya tofali, saruji, na chini yake ardhi ngumu nyekundu ambayo tangu dunia iumbwe haijaguswa na jembe. Hakuna chungu, hakuna mfupa, hakuna chochote.

Wale wawili walimtazama Ojwang. Ojwang alinitazama mimi. Uso wake bado una mikwaruzo ya mwamba. Nikangoja apige kelele, wanawake walikuwa hatua ishirini tu, Mzee Shimba amekaa na wageni kwenye turubai. Hakusema. Alishuka shimoni, akaushindilia udongo ule kwa mikono yake mpaka pakafunikwa, akaunyosha msalaba, akanawa. Wale wawili nao wakanawa.

Mpaka sasa hajasema. Huo ndio ubaya wa Ojwang, mtu hajui anawaza nini.

Jumatatu, 30 Machi

Nimeandika barua wilayani. Kurasa tatu! Nimeeleza kwamba mama yangu mzazi, Suzana Luhaga, mzee wa miaka sabini na sita, amefariki kwa kukosa barabara. Nimeuliza ni serikali gani inayoacha kaya themanini bila njia, bila bomba, bila zahanati. Nimeuliza ni nani aliyepanga kitongoji hiki. Nimemsomea Getruda kwa sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka mwiko chini.

Akasema kuna neno mama alimwachia, alikuwa hajui kama aniambie. Siku ile ya tarehe saba, nilipokuwa nimekaa kwenye ndoo nyuma ya nyumba, mama alimwambia Getruda kwamba pale hakuna mtu. Alijua tangu mwanzo. Alisema Doto hawezi kutunza siri ya baba yake hata siku moja, sembuse miaka. Getruda akamuuliza basi kwa nini hasemi, barabara si ndiyo anayoitaka? Mama akasema angesema mbele za watu, mwanawe angetembeaje tena hapa. Akasema amepata pa kukaa na kumwaza Kulwa, hata pakiwa patupu. Na alipozidiwa akasema wamlaze palepale, ili pasiwe patupu tena, na asiwepo wa kumwita mwanawe mwongo.

Getruda alikuwa analia. Mimi pia nililia, tena sana. Baadaye nilipotulia nikayapima yale maneno. Kwa hiyo mama alikuwa upande wangu! Toka mwanzo! Nimefarijika mno.

Saa tisa kaja Hellen, na Mzee Shimba, na Ojwang nyuma yao. Kumbe wilayani wameguswa na msiba wetu hata kabla ya barua yangu. Hellen kasema amepambana, wamekubali upana wa barabara ushuke hadi mita nne, ili mradi gari la wagonjwa lipite. Greda bado liko kwa jirani hadi Jumamosi. Kwa mita nne inawezekana kupita nyuma ya nyumba yangu, mbali na makaburi, bila kumgusa mtu mwingine yeyote. Itachukua banda langu la jiko na chumba namba moja. Basi. Mpaka juu, mpaka kwenye kiwanja cha zahanati, nayo zahanati inarudi kwetu.

Ojwang ndipo akasema, neno la kwanza kwangu tangu mazishi. Aliniita baba. Akasema baba, binti yangu Akumu yuko juu pale, amebakiza mwezi mmoja kujifungua. Hakuongeza. Hakutaja shimo, wala tofali. Alisimama tu, kofia mkononi. Na Mzee Shimba ananitazama. Na Getruda, mlangoni, ananitazama.

Nikasema nina uchungu, jamani, nimefiwa, wanipe siku mbili nifikiri. Wakasema haki yangu. Wakaondoka taratibu.

Namba moja! Namba moja ndiyo yenye sakafu ya vigae!

Nimefikiri. Haikuchukua siku mbili. Mfuko mmoja wa saruji umebaki toka namba tano, na tofali zipo tele. Baba alikuwa na dada aliyefariki akiwa mdogo. Jina wamelisahau, litapatikana. Alizaliwa peke yake, nimeuliza Magu kwa simu, hakuwa pacha. Sitaweka msalaba. Alhamisi Getruda anakwenda Mkuyuni kununua dagaa, atashinda huko kutwa.

Safari hii nitamfunga jogoo kwanza.